Hela ya Msitu Ilikuja Mwezi wa Saba

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kuwalipa watu wasikate miti. Ukisema hivyo Mwanza mjini watu wanacheka, maana mjini mti uliokatwa ndio wenye bei. Gunia la mkaa lina bei yake Buhongwa, lina nyingine Igoma, na mzigo wa kuni na nguzo za kujengea navyo vina bei. Mti uliosimama hauna dalali. Mradi ulioniajiri, ambao sitautaja jina kwa kuwa wengi waliokuwemo bado wanatafuta riziki kwenye kazi hizi hizi, ulikuwa unajaribu kuutafutia bei mti uliosimama. Mimi nilikuwa karani wa malipo. Vijijini, upande wa Misungwi na Kwimba, waliniita "dada wa hela".

Kwenye karatasi mpango ulikuwa mwepesi. Mwenye eneo lenye miti ya asili anasaini mkataba. Wapimaji wanazunguka mipaka yake na kile kifaa cha setilaiti, wanaandika ekari. Mwaka wa mradi ukiisha wanarudi, na miti ikiwepo anatumiwa fedha kwa simu. Kijiji nacho, kama kina msitu wake, kinapata fungu linaloingia kwenye akaunti ya serikali ya kijiji. Malipo ya ekari moja hayakufikia bei ya magunia mawili ya mkaa, jambo ambalo watu walilipigia hesabu siku ya kwanza kabla hata sisi hatujamaliza kujitambulisha. Walisaini hivyo hivyo. Walisema mkaa unauza mara moja, hii inarudi kila mwaka.

Maeneo mengi tuliyoandikisha yalikuwa ngitili. Kwa asiye wa Usukumani: ngitili ni eneo linalofungwa mvua zinapoanza, nyasi na miti vikaachwa viote, kisha linafunguliwa kiangazi kikikaza, mwezi wa saba au wa nane, ng'ombe wapate cha kula. Ziko za kaya na ziko za kijiji kizima. Ni utaratibu wa wazee, wa zamani kuliko mradi wowote. Ulikaribia kufa. Enzi za ukoloni mapori ya Usukuma yalifyekwa kwa makusudi ili kuwamaliza mbung'o, pamba ikafuata, mifugo ikaongezeka, na kufikia miaka ya 1980 Shinyanga watu walikuwa wakiiita jangwa. Serikali ilipoanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, ngitili zilizorekodiwa zilikuwa hekta 600 hivi. Programu ilipofungwa mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 kazi hiyo ilitambuliwa na mpango wa Tuzo ya Ikweta wa Umoja wa Mataifa.

Yote hayo yalifanyika bila mtu kulipwa kwa ekari. Watu walirudishiwa mamlaka juu ya maeneo yao, dagashida, yaani baraza la jadi la kijiji, ikakaa na kupanga adhabu, sungusungu wakalinda, na faida ikaonekana yenyewe: malisho ya kukodisha kiangazi, nyasi za kuezekea, asali, dawa, kuni. Utafiti uliotolewa mwaka 2005 na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la uhifadhi la IUCN ulikadiria faida hizo kuwa dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya kawaida ya mtu wa kijijini nchini yalikuwa kama dola 8.50. Nasema haya mapema kwa sababu tulipofika sisi na simu zetu, tulikuta watu wanaojua thamani ya ngitili kuliko sisi. Hatukwenda kufundisha. Tulikwenda kulipa, na kulipa kuna elimu yake.

Somo la kwanza nilipewa na mzee mmoja kwenye mkutano wa kuandikisha. Alikuwa na ngitili aliyoachiwa na baba yake, kubwa, migunga imesimama mpaka unaona giza ndani yake mchana. Kanuni ya mradi ilisema tunalipia maeneo yaliyo hatarini, kwa maelezo kwamba hela ya mfadhili lazima izuie ukataji ambao ungetokea kweli. Eneo la mzee lilionekana salama, kwa hiyo halikuingia. Akasimama, akatusalimu wote kwanza, "Mwangaluka," tukaitika. Kisha akaniambia mimi, si mtaalamu aliyekuwa anaongea:

"Mwanangu, jirani yangu amekata yake yote, ameuza mkaa, amenunua pikipiki. Leo mnampa hela aache visiki vichipue. Mimi sijakata. Mnasema kwangu hakuna hatari. Sasa nikianza kukata kesho, nitaandikwa?"

Watu walicheka sana. Mtaalamu alieleza habari za nyongeza, yaani miti inayopona kwa sababu ya hela tu, na za msingi wa kulinganishia, akaeleza vizuri tu, na hakuna aliyemsikiliza. Mimi nilimwambia, "Baba, nitalifikisha." Nikalifikisha. Jibu lilirudi miezi mingi baadaye, kwa lugha ya ripoti, likisema kanuni haiwezi kubadilika katikati ya awamu. Mzee hakukata. Alifariki kabla awamu haijaisha, wanawe wakagawana ardhi, na mmoja wao akang'oa sehemu yake akalima dengu. Hatari hiyo haikuonekana kwenye picha za setilaiti. Hata leo nikisikia mtu anasema eneo fulani halina hatari, nauliza kwanza mwenyewe ana umri gani na ana watoto wangapi wa kiume.

Lakini jambo lililonisumbua kuliko yote lilikuwa kalenda.

Mwaka wa fedha wa mradi ulifungwa mwezi wa sita. Wapimaji wakishamaliza, malipo yalitoka mwezi wa saba. Ofisini hakuna aliyeona tatizo. Sasa nenda Usukumani mwezi wa saba uone. Pamba imeuzwa. Mpunga umetoka majarubani, uko ndani. Ngoma za sikukuu ya Bulabo zimeshapigwa, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimetambiana, watu wana mahari za kulipa na harusi za kwenda. Ni mwezi ambao hata asiye nacho anacho kidogo. Hela ya msitu ilikuwa inaangukia juu ya hela nyingine.

Na mtu mwenye akili Usukumani, akiwa na ziada mwezi wa saba, ananunua ng'ombe. Simlaumu. Ng'ombe anazaa, anatoa maziwa, analipa mahari, na hashuki thamani kama noti. Nilikuwa naona ujumbe wa malipo ukiingia kwenye simu, na Jumamosi inayofuata nakutana na watu wale wale mnadani. Kufikia mwezi wa kumi, nyasi zimekwisha kila mahali na mvua bado, ng'ombe hao wako kwenye ukingo wa msitu wa kijiji, wanasukumwa ndani usiku. Tulikuwa tunaulipia msitu, hela inageuka ng'ombe, ng'ombe anarudi kuula msitu. Niliwahi kulichora jambo hili kwa kalamu kwenye ubao wa ofisi, mduara na mishale yake. Bosi alilipiga picha akasema ni zuri. Halikuingia kwenye ripoti.

Miti yenyewe ilikuwa haikatwi mwezi wa saba. Ilikuwa inakatwa kuanzia mwezi wa kwanza mpaka wa tatu. Nilianza kuandika pembeni mwa daftari la malipo sababu za kila aliyevunja mkataba, maana fomu yetu ilikuwa na nafasi ya kuandika "amekiuka" tu. Hakuna hata mmoja aliyesema haoni umuhimu wa mazingira. Sababu zao zilikuwa na tarehe. Mtoto amechaguliwa kidato cha kwanza. Ada imefutwa tangu 2016, ndiyo, lakini sare haijafutwa, daftari halijafutwa, na shule ikiwa ya bweni anatakiwa aende na godoro. Mgonjwa amepewa rufaa kwenda mjini, gari lazima likodiwe usiku huo. Mahindi ya ndani yameisha mwezi wa pili, na ya sokoni yamepanda kwa sababu yameisha kwa kila mtu. Hapo unafukia tanuri, na kabla mwezi haujaisha magunia yako barabarani, vijana wa pikipiki wanapita alfajiri kuyachukua. Mti ni benki isiyo na foleni wala fomu. Nani anakupa mkopo mwezi wa pili, kijijini, bila kuandikisha shamba lako?

Mama mmoja mjane, ambaye miti yake ya mpakani ilikuwa imebaki visiki vitupu, aliniambia bila hasira: "Dada, hela yenu ni nzuri. Ila mwanangu aliumwa mwezi wa pili. Ningemwambia asubiri wa saba?"

Nilipeleka hoja kwamba tulipe mara mbili, nusu Januari na nusu Julai. Ilikataliwa. Mfadhili ana mwaka wake wa fedha, na huwezi kumlipa mtu kabla hujahakikisha mti umesimama. Kwa mhasibu hoja hiyo ni sahihi kabisa, na mimi ni mhasibu.

Njia ilipatikana kwa wanakijiji wenyewe. Katika kijiji kimoja walikuwepo kina mama wenye kikundi cha kuweka na kukopa, cha kawaida kabisa: hisa kila wiki, daftari, sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, kugawana mwisho wa mwaka. Walisema hivi: hela ya msitu ikija mwezi wa saba, kila mwenye mkataba aache nusu kwenye sanduku. Isiguswe mpaka Januari. Kuanzia hapo anayebanwa anakopa kwa riba ndogo, anarudisha akiuza mpunga au pamba. Aliyekata miti ya mkataba hakopeshwi mpaka msimu mwingine. Wanaume walinung'unika, ng'ombe wao wa mwezi wa saba walikuwa wanapungua nusu, lakini mkutano mkuu wa kijiji ulipitisha.

Sisemi kijiji kile kiligeuka peponi. Msimu wa kwanza sanduku lilikauka Februari katikati, waliochelewa wakafukia matanuri kama kawaida. Mjumbe mmoja mkubwa wa kamati alikopa kuliko hisa zake na kuanza kukwepa njia. Kina mama wakaenda wakakaa uwanjani kwake na vitenge vyao, hawatukani, hawaondoki, mpaka akatoa mbuzi wawili. Kulikuwa na kusingiziana pia. Moshi ukionekana upande fulani, anasingiziwa yule ambaye watu wana ugomvi naye wa mpaka. Lakini moshi ulikuwa sasa unaonekana! Zamani tanuri la jirani lilikuwa shauri lake. Sasa kila aliyeweka hisa alikuwa na senti zake ndani ya miti ya mwenzake, na sungusungu walikuwa wanapigiwa simu na watu ambao zamani wangefumba macho. Baadaye riba ilipokua walianza kuwalipia wanachama kadi za bima ya afya ya jamii, ambayo wakati ule kaya ya watu sita ilikuwa inachangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Hiyo, kwa maoni yangu, ililinda miti mingi kuliko mabango yote tuliyosimika barabarani.

Kuhusu nani anapokea, tulijifunza haraka na kwa aibu. Mikataba ilikuwa na majina ya wanaume kwa sababu ardhi iko kwa majina yao, laini za simu nazo hivyo hivyo. Anayekwenda kuni ni mke. Ngitili ikifungwa, safari yake ya kuni inarefuka, na hela inaingia kwenye simu asiyoishika. Kuna waliokuwa wamelifikiria hili kabla yetu: katika majaribio ya Kilosa na Lindi, yaliyoendeshwa na mashirika ya uhifadhi wa misitu ya TFCG na MJUMITA, mgao ulipitishwa na mkutano wa kijiji, wakapewa watu mmoja mmoja, wanawake kwa wanaume, na wanakijiji wakatenga sehemu kwa ajili ya maendeleo. Sisi tuliishia kuruhusu siku za kuokota kuni kavu na kupitisha ile nusu kwenye kikundi, ambako mwanamke alikuwa na kitabu chake.

Kuna utafiti wa Uganda ambao huwa natupiwa usoni kila nikizungumza habari za kalenda. Ulifanyika katika wilaya za Hoima na Kibaale, kwenye vijiji 121, ukatangazwa mwaka 2017. Wenye misitu katika vijiji 60 waliahidiwa shilingi 70,000 za Uganda kwa hekta kwa mwaka wakiacha miti isimame. Kwa miaka miwili, vijiji vilivyolipwa vilipoteza asilimia 4.2 ya miti, na visivyolipwa asilimia 9.1. Malipo yalikuwa ya mwisho wa mwaka, kama yetu, na yalifanya kazi. Nakubali. Siwezi kusema fedha ya mwisho wa mwaka haina nguvu. Lakini utafiti huo huo unasema waliojiunga ni asilimia 32 tu ya waliostahili, na baadhi ya waliokataa walihofu kunyang'anywa ardhi. Mimi nawaza hao wengine, asilimia 68. Na kwetu hata waliojiunga waliniambia habari za mwezi wa pili.

Halafu kuna ziwa. Hili hatukulifikiria kabisa mwanzoni, ingawa ofisi yetu ilikuwa inapata upepo wake. Dagaa unamwanika juani, yamekwisha. Sangara ana mafuta, anataka moshi au kukaangwa, na moshi unataka kuni. Kwenye mialo ya Kayenze na Igombe kuna kina mama wanaoishi kwa kazi hiyo. Vijiji vyetu vilipopunguza kuuza kuni, bei kule ilipanda kidogo, kisha zikaanza kuletwa kwa mitumbwi kutoka ng'ambo, upande wa Sengerema na visiwani. Miti yetu ilisimama, ya wengine ikaanguka. Ripoti yetu ilihesabu iliyosimama.

Nilikwenda mwaloni siku moja na mwenzangu wa majiko banifu. Mama mmoja, mikono imeungua mpaka kwenye kiwiko, alitusikiliza mpaka mwisho, akageuza samaki wake, akasema: "Nyie mmewalipa wasiuze kuni. Mimi nani amenilipa nisinunue?" Mwenzangu alitoa kipeperushi. Nadhani angetoa mkopo wa tanuri bora la kukaushia, angeeleweka zaidi, ila mradi haukuwa na kifungu hicho. Miradi ya misitu huishia kwa mwenye shamba, kana kwamba mti unakatwa na mkulima peke yake na hakuna mji wa watu wengi unaopika kwa mkaa kila jioni.

Sasa habari ni kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ya ukaa ambayo miti inaihifadhi. Kanuni za biashara ya kaboni zilitoka mwaka 2022, Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro, na kila mtu amesikia vijiji vya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi vilivyopata mabilioni ya shilingi kwa misitu yao, vikajenga madarasa na zahanati. Mawakala wanapita. Wazee wa Shinyanga wao wanakumbuka mawimbi ya nyuma: mwaka 2008 Norway iliahidi kroni milioni 500 kwa Tanzania, yakaja majaribio ya REDD, mpango wa kulipia misitu isikatwe, nchi nzima, shirika la TaTEDO wakafanya ya kwao kwenye ngitili za Shinyanga, kisha fedha za majaribio zikaisha.

Nami nina wasiwasi wa kihasibu. Kule Katavi wanazungumzia msitu mkubwa ulioungana, vijiji vichache, kipimo kimoja. Huku kwetu ngitili ni ya kaya, ekari chache, na nyingine ekari chache, na katikati shamba la mpunga. Gharama ya kupima na kukaguliwa ni ile ile. Inaweza kumeza hela kabla haijafika kijijini. Labda vijiji vingi vikiungana kama kikapu kimoja. Faida tuliyo nayo ni kwamba Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuusimamia na kubaki na mapato yake, hivyo wakala hawezi kuja kana kwamba anaokota kitu kisicho na mwenyewe.

Kijiji kile cha sanduku kilinialika juzi kwenye mkutano wao na wakala mmoja, nikakaa nyuma kama mgeni. Mkataba ulikuwa wa miaka mingi, umeandikwa Kiingereza, wakaurudisha uandikwe Kiswahili kwanza. Mengine waliyaweka kwenye muhtasari, nikausoma kwa macho yangu kabla haujapigwa muhuri: malipo yaje mara mbili, Januari na Julai, nusu ipitie kwenye sanduku, na ambaye hajawahi kukata naye aandikwe. Wakala alisema hayo mawili ya mwanzo anaweza kuyapeleka kwa wakubwa wake, hilo la tatu ni gumu kidogo. Mwenyekiti akamwambia aanze na hilo gumu, akirudi na jibu lake wataitisha mkutano mwingine.